Taya Likivunjika: Waya au Kibamba?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia wodini kwa wagonjwa ambao ukiwauliza hali hawawezi kukujibu vizuri, yaani watu waliovunjika taya. Tangu bodaboda zienee mijini na vijijini, ni vigumu kupata ukoo ambao haujauguza mtu aliyeumia usoni. Wengine huanguka mtini wakiangua maembe, wengine hupigwa teke na ng'ombe, na wengine hupigwa ngumi ndani ya nyumba zao wenyewe. Hao wa mwisho tutawarudia, kwa sababu habari zao hazisemwi.

Ndugu wakishafika hospitali huja swali: "Tumfunge waya, au tumwekee chuma?" Baba huwatazama wajomba, wajomba hutazama mifuko yao, na mwenye taya hawezi kusema neno. Mwisho anayetoa fedha nyingi ndiye anayeamua. Sisi tunaona hilo si sawa. Swali hilo ni la mgonjwa mwenyewe, na la yule atakayempikia na kumlisha kwa majuma sita, ambaye kwa kawaida ni mama. Basi ni vema tuelewe waya ni nini, na hicho kinachoitwa chuma ni nini, kabla jambo lenyewe halijatufikia mlangoni.

Utajuaje kama limevunjika

Taya la chini ni mfupa mmoja uliopinda kama upinde, na umeshikwa na viungo viwili, kimoja mbele ya kila sikio. Kwa kuwa umeshikwa pande zote mbili, hufanana na bangili ya kioo: ukiigonga mahali pamoja, mara nyingi huvunjika mahali pawili. Ndiyo maana daktari mwenye uzoefu akiona ufa upande wa kushoto hatulii mpaka ametazama na upande wa kulia.

Dalili kubwa kupita zote ni meno. Mwulize mgonjwa, "Ukiuma, meno yako yanakutana kama zamani?" Akikataa kwa kichwa, mpeleke hospitali hata kama uso haujavimba sana. Dalili nyingine ni ganzi ya mdomo wa chini na kidevu upande mmoja, kwa sababu mshipa wa fahamu wa mdomo hupita ndani ya mfupa huo; damu iliyovilia chini ya ulimi; na meno mawili ya jirani kuachana kama ngazi, moja juu na jingine chini.

Kuna mtu ambaye hupiga mwayo mkubwa, kinywa kikabaki wazi, kisiweze kufungika. Huyo taya lake limeteguka, halikuvunjika, naye pia ni wa hospitali. Wote wawili wasikandwe. Tunajua mikono ya bibi zetu imeponya mengi, lakini kulikanda kwa maji moto taya lililovunjika ni kusagisha mfupa juu ya mfupa.

Njiani kuelekea hospitali, akiwa na fahamu zake na shingo haina maumivu, akae ameinama mbele kidogo ili damu na mate yatoke nje. Asilazwe chali, kwa maana taya lililokatika likirudi nyuma hurudi pamoja na ulimi, na ulimi huziba pumzi. Kama amezimia, alazwe ubavu, kichwa na shingo vikishikwa pamoja bila kupindwa. Kitambaa kinachokaza kidevu kwenda nyuma kimeleta madhara mara nyingi, basi mwachie ajishikie kidevu kwa kiganja chake. Jino la mtu mzima likiwa limeng'oka, lishike kwa kichwa chake, usilisugue, litie katika kikombe cha maziwa na uende nalo.

Waya

Kwa miaka mingi sana watu hawakuwa na la kufanya. Katika maandishi ya waganga wa Misri ya kale, yaliyoandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, taya la chini lililovunjika pamoja na jeraha limewekwa kati ya magonjwa ambayo mganga hapaswi kuyagusa. Wagiriki wa shule ya Hippocrates walifika mbele zaidi: waliyafunga meno ya jirani pamoja kwa uzi wa dhahabu au wa kitani. Na mwaka 1887 daktari mmoja wa Marekani, Thomas Gilmer, alieleza namna ya kuyafunga meno ya chini kwenye meno ya juu kwa waya, ili taya zima lisimame kimya mpaka mfupa uunge.

Njia hiyo bado inatumika kote duniani, na tusiidharau. Haihitaji vyombo vingi, mara nyingi hufanyika kwa sindano ya ganzi tu, na ikifanywa vizuri mfupa huunga sawasawa. Bei yake nayo ni ndogo, na jambo hilo lina uzito nyumbani kwa mkulima.

Lakini ina gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti. Kwa majuma manne hadi sita mgonjwa hafungui kinywa. Anakunywa, hali. Anasema kwa kunong'ona, na wasiomzoea hawamwelewi. Kupiga mswaki ndani ya meno haiwezekani. Uzito hupungua, na baada ya waya kutolewa taya huwa gumu kama bawaba iliyoshika kutu, likahitaji mazoezi siku nyingi. Usiku ndugu hulala kwa mashaka, kwa sababu mgonjwa akitapika hana pa kutolea. Kila mgonjwa aliyefungwa waya anatakiwa awe na koleo au mkasi wa kukatia waya kando ya kitanda, na anayelala naye aonyeshwe na daktari waya zipi za kukata. Usikubali kutoka hospitali kabla hujaonyeshwa.

Sasa fikiri mama huyo ana mimba changa na kila asubuhi anatapika. Au ana kifafa. Au ana pumu. Au ananyonyesha mtoto wa miezi minne, na mwili wake unahitaji chakula cha watu wawili. Kwa hao majuma sita ya waya ni mzigo wa namna nyingine kabisa, na kwa baadhi yao ni hatari.

Kibamba cha Strasbourg

Hicho ambacho watu wetu hukiita chuma, na wauguzi hukiita pleti, ni kibamba chembamba cha madini, unene wake yapata milimita moja, chenye matundu ya skrubu. Daktari huyapanga meno kwanza, kisha huulaza ufa wa mfupa sawa, halafu hukifunga kibamba juu ya ufa kwa skrubu zisizopungua mbili kila upande.

Vibamba vya kwanza vilivyotumika sana kwenye taya vilikuwa vinene. Mjerumani Hans Luhr alitoa kibamba chake cha kubana mfupa mwaka 1968. Kilikuwa na nguvu, ila kilifungwa kwenye ukingo wa chini wa taya, na ili kukifikia ilibidi ngozi ipasuliwe chini ya kidevu au shavu. Hapo palibaki kovu, na mshipa unaoutikisa mdomo ulikuwa karibu sana na kisu.

Mabadiliko yalitoka Ufaransa. Mwaka 1973 Michelet wa mji wa Bordeaux alionyesha kwamba vibamba vidogo vyenye skrubu fupi vinaweza kufungwa kwa kupitia ndani ya kinywa, bila kuigusa ngozi ya uso. Kisha Maxime Champy na wenzake mjini Strasbourg wakakaa chini wakauliza swali ambalo fundi seremala yeyote angeuliza: mzigo unavuta wapi? Tawi la mwembe likielemewa na matunda huanza kupasuka upande wa juu, na upande wa chini hubanwa. Taya nalo ni hivyo hivyo. Mtu akiuma kitu kwa meno ya mbele, ufa hufunguka juu, karibu na meno, na hubanwa chini. Basi kibamba hakina haja ya kuwa kinene, mradi kikae pale panapovutwa. Akachora mstari kwenye taya, chini ya mizizi ya meno na juu ya njia ya mshipa wa fahamu, kuonyesha mahali ambapo kibamba kimoja chembamba kinatosha. Mbele tu, kati ya chonge na chonge, ambapo mfupa husokotwa, aliweka viwili, kimoja juu ya kingine. Kazi hiyo ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1978, na mpaka leo wanafunzi wa upasuaji wa taya hufundishwa mistari ya Champy.

Zamani baadhi ya vibamba vilikuwa vya chuma kisichoshika kutu. Siku hizi vingi ni vya titaniamu, madini mepesi ambayo mwili huyapokea bila ugomvi. Kwa kawaida hubaki humo maisha yote. Watu huogopa kwamba baridi itakipoza au radi itakifuata. Radi haina habari nacho. Wakati wa baridi kali wapo wanaosikia ubaridi pale mahali, na hao si wengi. Hutolewa kikilegea, kikiingiwa na usaha au kikimsumbua mwenyewe.

Faida yake kubwa kwa mama ni kwamba anaamka kutoka nusukaputi kinywa chake kikiwa kinafunguka. Anaweza kumeza dawa, kupiga mswaki polepole, kutapika ikibidi, na kumwita mwanawe kwa jina. Akiwa ameamka vizuri, kwa kawaida anaweza kumnyonyesha siku hiyo hiyo, ila amwambie daktari mapema kwamba ananyonyesha ili dawa zichaguliwe.

Wala kibamba si cha miujiza. Upasuaji wenyewe unahitaji nusukaputi kamili, na mpira wa kupumulia hupitishwa puani ili meno yaweze kukutanishwa. Usaha unaweza kuingia, hasa kwa mvutaji wa sigara na kwa kinywa kisichosafishwa. Mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi kwa majuma au miezi, na kwa wachache ganzi haiishi. Tena kibamba hakisamehe: waya zikikaa vibaya kidogo hukazwa upya, lakini kibamba kikifungwa meno yakiwa yamepishana, meno hubaki yamepishana mpaka kifunguliwe. Ndiyo sababu hata anayewekewa kibamba hufungwa meno kwa waya kwanza mle chumba cha upasuaji, ili yakutane, na wengine hutoka wakiwa na mipira midogo kwenye meno kwa siku kadhaa. Usidhani umeuziwa kibamba ukapewa waya.

Nani apewe nini? Ufa mwembamba ambao haukusogea, na meno yanakutana, unaweza kuhitaji chakula laini na uangalizi tu. Taya lililosogea, lililovunjika pande mbili, au la mtu ambaye hawezi kufungwa kinywa kwa sababu tulizotaja, ndilo linalofaidi kibamba zaidi. Mfupa uliosagika vipande vipande huhitaji kibamba kikubwa, na hapo huenda ngozi ipasuliwe. Hayo yote ni maneno ya kumwuliza daktari kwa utulivu: "Kwa mgonjwa wetu huyu, waya zitatosha? Zisipotosha, ni kwa nini?" Daktari mzuri hakasiriki. Hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam na Kenyatta ya Nairobi zina madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, na hospitali ndogo inaweza kumwandikia mgonjwa barua ya kwenda huko. Kungoja siku chache kwa ajili ya hilo hakudhuru, mradi kinywa kisafishwe na dawa zimezwe. Kungoja mpaka mwezi upite ndiko kubaya, kwani mfupa huunga ukiwa umepinda, na kuunyoosha ni kuuvunja tena.

Mtoto aliyeanguka kwa kidevu

Hapa tunawaomba kina mama mtusikilize sana. Mtoto huanguka kibarazani, kidevu kikapasuka, akapelekwa zahanati, akashonwa nyuzi tatu, akarudi kucheza. Kumbe nguvu ya lile pigo ilipanda mpaka mbele ya sikio na kuvunja kichwa cha taya. Ukiachwa hivyo, mwaka unaweza kupita ukaona hafungui kinywa vizuri, kidevu hakikui, uso unapinda. Kiungo kimeganda.

Baada ya kila pigo la kidevu mwambie afunue kinywa. Je, vidole vyake vitatu, vya mkono wake mwenyewe, vinaingia kwa kusimama kati ya meno? Je, kidevu kinakwenda upande mmoja anapofunua? Je, analia ukimgusa mbele ya sikio? Kama ndiyo kwa hayo mawili ya mwisho, au hapana kwa la kwanza, rudi hospitali uombe taya lipigwe picha. Kwa watoto wadogo madaktari hukwepa vibamba mara nyingi, kwa kuwa ndani ya taya kuna meno ya ukubwani yanayongoja zamu yake, na skrubu inaweza kuyatoboa. Mifupa yao huunga upesi, kama majuma mawili au matatu. Walioumia kichwa cha taya kwa kawaida hupewa chakula laini na mazoezi ya kufunua kinywa kila siku, na mazoezi hayo msimamizi wake ni mama. Mtoto atalia. Yafanyike tu.

Jikoni

Wageni huja na machungwa, mikate na soda, wakaviweka mezani mbele ya mtu asiyeweza kula hata kimoja. Waambieni mapema walete maziwa, mayai, karanga zilizosagwa, maparachichi. Aliyefungwa waya ale mara sita au saba kwa siku, kidogo kidogo: uji wa ulezi au wa mahindi uliotiwa maziwa na karanga laini, supu ya samaki au ya nyama iliyochemka mpaka ikalegea, ikapondwa katika kinu na kuchujwa, maharage yaliyopikwa mpaka yakavurugika, yakachujwa maganda, parachichi lililopigwa kwa maziwa. Kiasi kidogo cha mafuta au siagi kitiwe katika kila kikombe, kwani njaa ya waya ni njaa ya nguvu. Uji wa maji matupu hushibisha tumbo na kumwacha mtu anakonda. Anywe kwa kikombe chembamba au kijiko, chakula kikipita nyuma ya magego, na baada ya kila mlo asukutue kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu.

Aliyewekewa kibamba ale vilaini kwa majuma sita hivi: wali bokoboko, ndizi zilizopikwa zikaiva sana, mayai, viazi vya kuponda. Kibamba kimetengenezwa kushika mfupa usicheze. Makande, mahindi ya kuchoma, miwa na mifupa ya kuku vingoje. Wengi hujiona wamepona juma la pili kwa kuwa maumivu yamekwisha, wakauma muwa, na skrubu zikalegea.

Aliyempiga

Tulisema tutawarudia. Yuko mama ambaye anafika hospitali na kusema ameteleza bafuni, au amegongwa na mlango. Daktari anatazama picha. Aliyeanguka kwa kidevu mara nyingi huvunjika karibu na masikio, na aliyepigwa ngumi na mtu atumiaye mkono wa kulia mara nyingi huvunjika pembeni mwa taya upande wa kushoto. Mfupa si hakimu, na wakati mwingine hudanganya, lakini daktari huona mengi asiyoyasema.

Wapo wanaomshauri anyamaze ili nyumba isivunjike. Sisi tunasema waziwazi kwamba hapa ukweli ni sehemu ya matibabu. Daktari akijua ni ngumi hutafuta ufa wa pili, hutazama jicho, hutazama mbavu, na huuliza kama kuna mimba. Tena hufikiri mgonjwa anarudi kwa nani. Mama aliyefungwa meno, akirudi mkono ule ule, hawezi kupiga kelele wala kutapika. Na kibamba cha milimita moja hakikutengenezwa kwa ajili ya ngumi ya pili.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye ndoa aliye na haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kumpiga. Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani. Fomu ya polisi, PF3 kwa Tanzania na P3 kwa Kenya, ndiyo inayobeba maneno ya daktari kuhusu jeraha. Ijazwe mapema, hata kama mama hajaamua atafanya nini. Lakini pumzi na damu vitangulie, na fomu ifuate.

Tatizo ni kwamba anayeulizwa hawezi kusema, na mume amekaa kwenye kiti kando ya kitanda akimjibia kila swali. Dada, ukienda kumtazama jirani wa namna hii, chukua chupa ya uji wa maziwa, na chukua pia daftari na kalamu. Mwombe muuguzi amtoe mume nje kwa kisingizio cha kwenda kununua dawa au kusafisha kidonda. Mpe jirani yako daftari, kaa naye, na usimharakishe. Akishaandika, mpe muuguzi ukurasa huo, na daftari umwachie chini ya mto.